Nimebadilisha mikanda mitatu, kumbe mgonjwa ni tenshena: uzi wa kubadili mkanda wa injini mwenyewe

#1 Mwenye uzi, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni.

Naandika kucha zikiwa bado zina weusi wa grisi, maana nikilala nitasahau nusu ya niliyoyaona leo.

Nina Toyota Spacio new model ya 1.8, injini 1ZZ-FE, chesisi inaanza na ZZE122. Kwa mwaka mzima na ushee gari hii ilikuwa inalia asubuhi. Ilianza kidogo tu: unawasha, "chwiii" ya sekunde mbili, kimya. Baadaye ikawa nikiwasha AC inalia. Nikiwasha AC na taa kwa pamoja inalia zaidi. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi yake ni kelele mpaka nifike barabara ya lami.

Gereji ya kwanza wakasema mkanda umechoka. Nikanunua mkanda, ukafungwa, kimya wiki sita, kelele ikarudi. Gereji ya pili wakasema ule mkanda ni feki. Nikanunua mwingine kwa bei mara mbili, kimya miezi miwili, ikarudi. Wakaufungua, wakafunga wa tatu, safari hii haikumaliza hata mwezi. Mara ya nne fundi hakufungua kitu. Alichukua kipande cha sabuni ya mche akakisugua kwenye mkanda injini ikiwa inazunguka, vidole viko sentimita chache kutoka kwenye puli. Kelele ikakata. Nilipofika nyumbani ilikuwa imesharudi, na mkanda umeanza kung'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi.

Kati ya hao wote hakuna aliyeuliza kwa nini mkanda mpya ulie. Hilo ndilo lililoniuma na ndilo limenifanya nifungue uzi.

Jumamosi iliyopita nikafungua boneti, nikaacha injini kwenye silensa, yaani inazunguka yenyewe bila kukanyaga mafuta, nikachukua tochi na kuangalia tu. Sikugusa kitu. Kwenye 1ZZ mkanda ni mmoja mrefu unaozungusha kila kitu: altaneta, pampu ya maji, kompresa ya AC. Unazungushwa na puli kubwa ya krenki, shafti kuu ya injini, kule chini, na unakazwa na tenshena, yaani mkono wenye puli yake unaousukuma mkanda usilegee. Nikamulika ule mkono. Ulikuwa unatetemeka. Si kusogea kidogo kama kupumua, ni kutetemeka kama taya la mtu mwenye homa. Nikamwambia mke wangu awashe AC. Kompresa iliposhika, mkono ule ukaruka, mkanda ukapiga mawimbi kati ya puli mbili, na kelele ikatoka palepale.

Basi hapo nikajua nimekuwa nikimpa dawa mgonjwa asiye mgonjwa. Leo nimebadili tenshena na mkanda pamoja, mwenyewe, hapa uani. Nitaeleza hatua kwa hatua nikishakula. Wajuvi karibuni mnirekebishe, na wenye swali waulize.

#2 Dodoma

Naweka kambi hapa. Mkuu, swali la haraka: hii ndiyo taiming belti? Niliambiwa taiming belti ikikatika injini inakufa, sasa unaifungua mwenyewe uani kweli?

#3 Mwenye uzi

Hapana mkuu, na umefanya vyema kuuliza, kwa sababu watu wengi wanachanganya.

Mkanda ninaouzungumzia uko nje, ukifungua boneti unauona upande ambao injini haina gia boksi. Wengine wanauita feni belti kwa mazoea ya zamani, ingawa gari nyingi ndogo za leo feni ya rejeta ni ya umeme. Ukikatika, injini bado inaweza kuzunguka, lakini huna chaji, na kwenye gari kama yangu huna pampu ya maji.

Taiming belti iko ndani ya kava. Inaunganisha krenki na kemshafti, ile shafti inayofungua valvu. Ikikatika kwenye injini nyingi za dizeli, valvu zinagongana na pistoni. Hiyo sishauri mtu aanzie hapo. 1ZZ, na ile 1NZ ya kwenye Toyota IST na Raum, hazina kabisa taiming belti, zina cheni. Lakini mwenye HiAce yenye injini ya 5L au Land Cruiser mkonga yenye 1HZ anayo, na ndiyo maana kwenye dashibodi yake kuna taa imeandikwa T-BELT. Taa ile ikiwaka ni mambo ya taiming, haihusiani na uzi huu.

#4 Fundi, Mwanza

Nimesoma. Niko kwenye kazi hii zaidi ya miaka 20, naomba niseme kidogo bila kumkwaza mtu.

Kijana amesema kweli kwamba mkanda haulii bila sababu. Ila msifikiri kila mlio ni tenshena. Kuna milio miwili. Mmoja ni mrefu, "chwiiiii", unakuja mzigo ukiongezeka: AC, taa, au ukikanyaga mafuta ghafla. Huo ni mkanda unateleza. Mwingine ni mfupi mfupi, "chi chi chi chi", unafuata mzunguko wa injini. Huo mara nyingi ni puli hazijakaa mstari mmoja, au puli moja imepinda.

Njia ya kuzitofautisha ni maji. Chukua chupa ya kupulizia, injini ikiwa kwenye silensa simama mbali, mikono na nguo zako mbali, pulizia maji kidogo upande wa mbavu, yaani upande wa mkanda wenye mistari. Mlio ukikata kidogo kisha ukarudi, tafuta puli iliyotoka kwenye mstari. Ukizidi, mkanda unateleza, tafuta kinachoulegeza. Mimi nafanya hivi kabla sijashika spana yoyote.

Na hiyo sabuni, acheni. Sabuni, mafuta ya breki, zile dawa za kupuliza, vyote vinanyamazisha kelele tu. Vinakaa kwenye mifereji ya puli, vinashika vumbi, na mkanda mpya utakaofunga juu yake utaanza kuteleza siku ya kwanza.

Endelea na hatua zako, nitasahihisha ukikosea.

#5 Mwenye uzi

Shikamoo fundi, na asante. Hiyo ya maji sikuijua, ingeniokolea hela nyingi.

Naendelea.

Kwanza kabisa injini iwe imepoa na ufunguo utoke kwenye gari. Mimi niliuweka mfukoni kwa sababu nina watoto. Nikafungua waya hasi wa betri. Kabla ya kulegeza chochote nikapiga picha za mkanda unavyopita, pembe tatu tofauti, halafu nikachora kwenye karatasi. Picha peke yake haitoshi, kwa sababu kule chini kwenye krenki simu haioni vizuri. Kwenye mchoro nikaandika kila puli kama mkanda unaigusa kwa mbavu au kwa mgongo. Kanuni ni rahisi: puli yenye mifereji inapokea mbavu, puli laini inapokea mgongo. Ukijikuta umeweka mbavu kwenye puli laini, umekosea njia.

Kutoa mkanda: kwenye 1ZZ tenshena ina kichwa cha kushika kwa spana ya 19. Unatumia spana ndefu, unazungusha kwa mwelekeo wa saa, mkanda unalegea, mkono wa pili unauchomoa kwenye puli iliyo juu. Zungusha polepole. Tenshena hii si ya springi peke yake, ina kijiti chenye oili ndani kama shokapu ndogo, ukiilazimisha kwa jazba utaiharibu hata kama ilikuwa nzima.

Hapo ndipo nikapata jibu langu. Tenshena nzima unapoisukuma inakupinga, inashuka taratibu kama mlango wenye kizuizi. Yangu ilizama mara moja, kama kusukuma hewa. Nikaiachia, ikarudi kwa kishindo, "ka!". Oili ya ndani ilishaisha. Ndiyo maana kila mkanda mpya ulitulia kwa muda, ukizoea na kutanuka kidogo basi hakuna wa kuubana.

Mkanda ukishatoka, msikimbilie kufunga mwingine. Huu ndio muda pekee ambao puli zote ziko huru. Nilizungusha moja moja kwa kidole. Puli ya altaneta ilizunguka kimya, ikasimama. Pampu ya maji niliishika kwa vidole viwili nikaitikisa mbele na nyuma: haichezi, na chini yake hakuna alama ya kulanti, maji ya kupozea injini, iliyokauka. Puli ya tenshena yenyewe ilizunguka muda mrefu sana, nikafurahi nikidhani ni nzima. Fundi, hapo nilikuwa sahihi?

#6 Fundi, Mwanza

Hapana kijana wangu. Beringi ya puli ya tenshena yenye grisi haizunguki muda mrefu. Unaisukuma, inakwenda mizunguko michache, inasimama, na huisikii. Ikizunguka kama gurudumu la baiskeli la mtoto, na ukiweka sikio karibu unasikia kama mchanga kwenye bati, grisi imekauka. Hiyo inabaki na miezi michache.

Weka bisibisi ndefu kwenye bolti ya puli, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, zungusha kwa mkono. Utasikia kila kitu. Injini ikiwa imezimwa, nasisitiza.

#7 Mwenye uzi

Nimekuelewa. Nimeichukua ile ya zamani sasa hivi nikaizungusha karibu na sikio: ni mchanga mtupu. Na ile mpya inasimama haraka, nilidhani imekaza. Nimejifunza.

#8 Dada, Arusha

Habari zenu. Mimi nina IST, inalia vilevile asubuhi. Niliposoma nikatoka kwenda kuangalia, sioni hiyo tenshena. Kuna mkanda, kuna altaneta, basi. Je, imeondolewa na mafundi au ndivyo ilivyo? Na je, mtu asiye na nguvu sana anaweza kazi hii? Nina boksi la spana la marehemu baba, limekamilika.

#9 Fundi, Mwanza

Dada yangu, haijaondolewa. IST yenye 1NZ au 2NZ haina tenshena ya kujikaza yenyewe. Altaneta ndiyo tenshena. Imeshikwa na bolti mbili: moja ni egemeo, nyingine inapita kwenye mfereji uliopinda. Unazilegeza zote mbili, usizitoe, altaneta inasogea kuelekea injini, mkanda unalegea, unautoa. Kufunga ni kinyume: mkanda ukishakaa, unaivuta altaneta nje kwa wenzo, unaishikilia hapo, unakaza bolti ya kwenye mfereji kwanza, halafu ya egemeo.

Wenzo usiegemeze kwenye kitu cha alumini chembamba wala kwenye mapezi ya altaneta, utavunja. Tafuta sehemu nene ya chuma. Mimi natumia mpini wa nyundo wa mti.

Nguvu si tatizo, urefu wa spana ndio unaofanya kazi. Tatizo la magari haya ni kukaza kupita kiasi. Bonyeza mkanda kwa gumba katikati ya sehemu iliyo ndefu: ushuke karibu sentimita 1. Ukiwa mgumu kama waya wa gitaa, kelele itakwisha leo, na baada ya miezi utakuja kununua altaneta na pampu ya maji kwa sababu beringi zake zimeliwa. Nimefungua altaneta nyingi zilizouawa hivyo.

Wako unaweza kuwa umelegea tu. Anza kwa kuukagua na kuukaza kabla hujanunua chochote.

#10 Nairobi

Uzi mzuri, ndugu zangu wa Tanzania. Niongeze la kuhusu kukagua, kwa sababu hapa kwetu mekanika wengi bado wanatafuta nyufa. Wanaukunja mkanda, wasipoona nyufa wanasema uko sawa.

Mikanda ya zamani ilikuwa ya neoprini, na kweli ilipasuka ikizeeka. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji walianza kuhamia raba ya EPDM, na siku hizi ndiyo iliyo kwenye magari mengi. EPDM inakaa muda mrefu sana bila nyufa. Inaisha kama tairi: mbavu zinalika pande zote, mfereji kati yao unapanuka, mkanda unazama ndani ya puli mpaka unagusa chini na kuteleza. Kwa macho utauona mzuri kabisa. Weka mkanda wa zamani na mpya ubavu kwa ubavu, mwangaze taa kwa upande, ndipo mtaona mfereji wa zamani umekuwa kama herufi U badala ya V.

Na mkienda dukani msitaje jina la gari peke yake. Nilienda kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road nikasema "mkanda wa Fielder", nikapewa uliozidi urefu, nikarudi mara mbili. Soma maandishi mgongoni. Ukiona kwa mfano 6PK1200, hiyo 6 ni mbavu, PK ni aina ya mbavu, 1200 ni urefu kwa milimita. Kama maandishi yamefutika, nenda na namba ya chesisi.

#11 Iringa

Mimi naomba niseme kwa nini jambo hili si la kelele tu.

Mwaka juzi nilikuwa natoka Dar kwenda Iringa, gari ndogo, familia ndani. Ilikuwa inalia kwa wiki kadhaa, nikawa naipuuza. Tunapanda mlima Kitonga nyuma ya malori, taratibu, AC imewashwa, nikasikia kama kofi chini ya boneti. Taa ya betri ikawaka. Gari inaendelea kutembea, nguvu ipo, nikajiambia betri itanifikisha juu. Pale hakuna pa kusimama kwa raha, kila mtu anajua. Sikuangalia mshale wa joto. Nilipouangalia ulikuwa umeshagonga juu na moshi mweupe unatoka pembeni ya boneti.

Mkanda ulikuwa umekatika, pampu ya maji imesimama. Silinda hedi ilipinda, gasketi ikaungua. Mkanda wa elfu thelathini na kitu uligeuka kuwa milioni na zaidi, na watoto walilala njiani.

Taa ya betri ikiwaka ghafla ukiwa unaendesha, angalia mshale wa joto hapohapo, tafuta pa kusimama, zima injini. Usijiambie itafika.

#12 Mwenye uzi

Pole sana kaka, na asante kwa kuliandika. Ningekuwa na uwezo ningeliweka juu kabisa ya uzi.

Sasa sehemu ya kutoa tenshena, ambayo ndiyo iliyonichukua saa nne.

Kutoa mkanda ni dakika kumi. Tenshena yenyewe imeshikwa na bolti moja ndefu na nati moja. Nati haina shida. Bolti inalegea vizuri, inatoka, inatoka, halafu inagonga bodi ya gari. Nafasi kati ya injini na bodi ni ndogo kuliko urefu wa bolti. Nilihangaika nikidhani imekwama, kumbe imeshafunguka kabisa, haina tu pa kupita.

Ufumbuzi ni kuisogeza injini. Nilipandisha gari upande wa kulia, nikaweka stendi, mawe nyuma ya matairi ya nyuma, handibreki juu. Nikatoa tairi la mbele kulia na kile kikinga matope cha plastiki. Nikaweka jeki ya pili chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, juu yake kipande kinene cha mbao ili sampu isibonyee, nikainua kidogo tu mpaka ibebe uzito wa injini. Ndipo nikafungua maunti ya injini ya upande huo, ile raba inayobeba injini. Injini ikibebwa na jeki, unaipandisha au kuishusha polepole mpaka bolti ipate njia. Wakati wote nilikuwa naangalia mabomba na nyaya zisivutike.

Sikuingia chini ya gari hata kidogo, na usiingie. Kazi yote inafanyika kutoka juu na kupitia nafasi ya tairi. Na kama huna stendi, una jeki ya kwenye buti peke yake, hii sehemu mpe fundi.

Bolti ilipotoka nikaisafisha, nikaweka tenshena mpya, nikaanza kukaza kwa vidole mpaka mwisho ndipo nikashika spana. Uzi wa bolti ukianza vibaya kwenye alumini, umeharibu injini. Nikarudisha maunti, nikakaza bolti zake zote kabla ya kutoa jeki.

Mifereji ya puli niliisugua kwa mswaki wa zamani na kitambaa. Ile sabuni ilikuwa imeganda kama ugoro mweusi, ilinichukua nusu saa. Halafu mkanda, nikifuata mchoro, puli ya juu iliyo laini nikaiacha ya mwisho kwa sababu mkanda unateleza kuingia bila kubanwa na mifereji.

Hapa nusura niharibu. Nilipomaliza nikapitisha kidole kwenye ukingo wa kila puli. Kwenye krenki, kule chini, ubavu mmoja wa mkanda ulikuwa nje ya puli. Kwa macho kutoka juu ulionekana umekaa sawa. Ningewasha, ungechanika ndani ya dakika chache. Nikaurudisha, nikazungusha krenki kwa mkono, kwa soketi na racheti, mizunguko miwili kamili, nikakagua tena kila puli. Ndipo nikarudisha waya wa betri.

Nati za tairi nilikaza msalaba msalaba, kwa toki renchi ya kuazima, spana inayopima nguvu ya kukaza, 103 Nm, kipimo cha Toyota.

#13 Morogoro

Mkuu, umetumia tenshena mpya? Si unanunua tu ya mtumba kutoka kwenye injini ya Japani, robo ya bei? Mimi nafanya hivyo miaka yote.

#14 Mwenye uzi

Nilinunua mpya, na ilinigharimu zaidi ya mikanda yote mitatu ukiijumlisha. Sikupenda. Ila tenshena ya mtumba ina umri uleule wa yangu, na oili ya ndani huioni. Ningefunga nikafungua maunti tena baada ya miezi mitatu, nisingejisamehe.

#15 Fundi, Mwanza

Mnabishana bure, inategemea gari. Tenshena ya springi ya chuma, ya mtumba unaweza kuipima pale dukani: puli haichezi, mkono unarudi kwa nguvu na hauyumbi pembeni, haina kutu. Hiyo nunua. Hii ya 1ZZ yenye oili, mimi simfungii mteja ya mtumba. Kazi ni kubwa kuliko kifaa.

Puli peke yake nyingine zinauzwa, na beringi yake mara nyingi namba imeandikwa pembeni. Kwenye tenshena ya springi ambayo mkono bado mzima, kubadili beringi au puli tu ni halali kabisa. Muuzaji hatakwambia hivyo.

Na mwenye kuvujisha oili ya injini juu ya mkanda, tibu uvujaji kwanza. Mkanda ulioloa oili haufai hata ukiuosha.

#16 Dodoma

Ukishafunga unapimaje kwamba kazi imekaa sawa, mbali na kelele?

#17 Mwenye uzi

Mimi nilifanya hivi. Niliwasha bila mzigo, nikazima baada ya nusu dakika, nikakagua kingo za mkanda kwa tochi. Nikawasha tena, nikaangalia mkono wa tenshena: sasa unasogea kidogo mno, lazima ukazie macho kuuona. Nikawasha AC, taa, feni ya ndani mpaka mwisho. Nikaweka mita kwenye betri, ikasoma volti 14.1. Kwa gari la aina hii ikikaa kati ya 13.5 na 14.5 altaneta inachaji vizuri. Nikaangalia mshale wa joto mpaka feni ya rejeta ikaanza na kuzima mara mbili.

Kesho yake baada ya kuzunguka mjini nikafungua boneti tena. Ukiona unga mweusi pembeni ya puli moja, au nyuzi zinachomoza ukingoni mwa mkanda, puli hiyo haiko kwenye mstari. Yangu ilikuwa safi.

#18 Dada, Arusha

Nimerudi na majibu. Mkanda wa IST yangu ulikuwa umelegea kama alivyosema fundi, nilipoubonyeza ulishuka zaidi ya sentimita 2. Bolti ya chini ilikataa, nikaipulizia mafuta ya kutu nikaiacha usiku kucha, asubuhi nikaongeza urefu wa spana kwa bomba la maji, ikalegea. Mkanda wenyewe nikaulinganisha na mpya kama alivyoeleza ndugu wa Nairobi: mifereji yake imekuwa mipana kabisa, herufi U. Nikafunga mpya.

Swali langu kwa fundi: baada ya siku tatu nimebonyeza tena, naona umelegea kidogo kuliko nilivyouacha. Nimekosea kukaza?

#19 Fundi, Mwanza

Hujakosea mwanangu. Mkanda mpya unajikalisha kwenye mifereji na kutanuka kidogo siku za mwanzo. Kwa magari yasiyo na tenshena ya kujikaza, ni kawaida kukaza mara ya pili. Legeza bolti zote mbili kama mwanzo, vuta kidogo, rudisha kwenye ile sentimita 1, kaza. Baada ya hapo angalia kila ukibadili oili.

Baba yako alikuachia spana nzuri. Ukimaliza zifute kwa kitambaa chenye oili kabla ya kuzirudisha kwenye boksi.

#20 Mwenye uzi

Hongera sana dada.

Wakuu, leo ni siku ya kumi na mbili. Usiku wa kuamkia leo mvua ilinyesha huku Dar mpaka alfajiri, ile mvua ambayo zamani ilikuwa inanipa hofu nikiisikia juu ya bati. Saa kumi na mbili kasoro nikatoka, nikawasha, nikaweka AC na taa kwa pamoja kabla hata sijafunga mlango. Nikashuka, nikasimama mbele ya boneti iliyo wazi. Nilisikia injini, baadaye kidogo feni ya rejeta, na matone yakidondoka kutoka kwenye mwembe wa jirani.